Nakala ya Akiba Ipo. Mmewahi Kuirejesha?

Nikiitwa kukagua mpango wa taasisi wa kukabiliana na majanga, huanza na swali moja: mara ya mwisho mlirejesha data kutoka kwenye nakala ya akiba, ile inayowekwa kando ili itumike data yenyewe ikipotea, ilikuwa lini? Mara nyingi mtu wa TEHAMA hunijibu kwamba wananakili kila usiku. Mimi nimeuliza kurejesha.

GitLab, kampuni ambayo watunga programu huhifadhi kazi zao kwenye mtandao wake, waliyaona haya tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akihangaika na hitilafu usiku alifuta data ya seva kuu akidhani yumo kwenye seva ya pili. Walipokimbilia nakala, hawakuzikuta: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo kazi ilikuwa ikikwama kila mara, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono muda wa saa 6 hivi kabla ya hapo, tena kwa kazi nyingine kabisa. Nawaheshimu sana kwa kuyaeleza yote hadharani.

Mpango wowote unasimama juu ya namba mbili: tunaweza kukaa muda gani bila huduma, na tuko tayari kupoteza kazi ya muda gani. Ukinakili saa sita usiku na mtambo ukafa saa kumi jioni, saa 16 za kazi zimekwenda. Je, wakuu wanalijua hilo? Uamuzi huo ni wao, maana wao ndio wenye fungu la fedha. Fundi asiachiwe kuubeba peke yake.

Nakala moja lazima ikae mbali. Kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, wapo wateja ambao nakala zao ziliteketea pamoja na data yenyewe.

Zoezi moja nililosimamia halijanitoka akilini. Tulizima seva kuu asubuhi, tukasema, haya, fuateni mpango. Mpango wenyewe ulikuwa kwenye seva ileile tuliyoizima, pamoja na namba za simu za kupigiana. Ulipopatikana kwenye kompyuta ya mtu, ikabainika kwamba nakala zimefungwa kwa nenosiri analolijua mtu mmoja tu, naye yuko likizo. Hadi adhuhuri hatukuwa tumerejesha hata faili moja, na watu wale walikuwa hodari na wenye bidii.

Kama hamjawahi kujaribu, msianze na seva nzima. Chukueni kumbukumbu za malipo za mwezi uliopita, zirejesheni kwenye mashine tupu, kisha mwiteni mhasibu azifungue na kuzilinganisha na alizonazo. Andikeni muda mliotumia. Ukizidi ule ulioandikwa kwenye mpango, pelekeni namba hiyo kwa wakuu siku hiyohiyo.