Theluthi ya mshahara haitoshi: dhana potofu kuhusu ukomo wa mkopo wa nyumba

Kila mjadala wa mikopo ya nyumba hapa Dodoma, uwe wa watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba au wa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, hufika kwenye swali moja: je, Benki Kuu iweke ukomo wa mkopo kulingana na kipato cha mkopaji? Na karibu kila mara mtu anajibu kwa uhakika kwamba hakuna haja, maana ulinzi tunao tayari kwenye kanuni ya theluthi. Jibu hilo limesemwa mno, na wanaolisema ndio wanaoumia. Nitakaa nalo kwa muda mrefu kuliko mengine.

Dhana: "Theluthi inanilinda. Ukomo mwingine wa nini?"

Kanuni inafahamika: makato yote yakishatoka, mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa kazi yake ni kanuni nzuri, kwa sababu inazuia mtu kufika mwisho wa mwezi bila kitu mkononi. Lakini inaangalia mwezi mmoja tu. Kama deni la miaka 15 linabebeka au halibebeki, hilo haliulizi.

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, ni 75,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 45,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, baada ya kuondoa mchango wa pensheni, ni 255,500. Inabaki 1,124,500. Theluthi ya msingi ni 500,000, kwa hiyo nafasi ya kukopa ni makato ya 624,500 kwa mwezi. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 yao ni 225,000, na nafasi inashuka hadi 399,500. Hapo wengi hushtuka, maana walipiga hesabu zao bila kuikumbuka Bodi.

Tuseme hudaiwi na Bodi. Kwa riba ya asilimia 16 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, kwa miaka 15, hiyo nafasi ya 624,500 inabeba mkopo wa takribani milioni 42.5. Theluthi imeheshimiwa, karatasi zinapita. Sasa fungua jedwali la marejesho uangalie mstari wa kwanza. Riba ya mwezi wa kwanza ni 566,667. Katika rejesho lote la 624,000 na ushei, kinachopunguza deni ni kama 57,500. Ukilipa miaka 3 bila kukosa hata mwezi mmoja, utakuwa umetoa karibu milioni 22.5, na deni litakuwa limetoka milioni 42.5 hadi milioni 39.9.

Halafu riba inapanda. Mikataba mingi ya mikopo ya nyumba inairuhusu benki kubadilisha riba, na kipengele hicho kimeandikwa pale pale ulipoweka saini. Ikipanda kutoka 16 hadi 18 mwanzoni mwa mkopo, rejesho linakuwa 684,000 na mkononi unabaki na 440,000. Theluthi imevunjika na hujakopa hata shilingi moja ya ziada.

Mezani utaambiwa usiwe na wasiwasi, utaongezewa muda ili rejesho libaki lile lile. Piga hesabu kabla ya kuitikia. Asilimia 18 ya milioni 42.5, gawa kwa 12, ni 637,500. Hiyo ni riba tupu ya mwezi mmoja, na tayari imelizidi rejesho lako la zamani. Hata ukipewa miaka mia, rejesho la 624,000 haliwezi kumaliza deni hilo; kila mwezi litakua. Riba ikipanda baada ya miaka 3, deni likiwa milioni 39.9, kuongeza muda kunawezekana, ila miaka 12 iliyokuwa imebaki inageuka karibu 18. Aliyekopa akiwa na miaka 45 alipanga kumaliza na 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi. Hiyo miaka ya nyongeza atailipa kwa pensheni.

Theluthi ina upofu mwingine. Inaona yale tu yanayopita kwenye hati ya mshahara. Haioni kikoba cha Ijumaa, haioni mkopo wa simu, haimwoni yule wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, aliyeshika kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, anayetangulia kwenye ATM siku mshahara unapoingia. Mtu anayeonekana anabaki na 500,000 anaweza kuwa anabaki na 150,000, na ofisa mikopo hana pa kuliona hilo kwenye hati. Taasisi za taarifa za mikopo zinasaidia kwa wakopeshaji wanaopeleka taarifa huko. Wa kausha damu hapeleki.

Kwa hiyo, ndiyo, Benki Kuu iweke ukomo, na uwe na meno kuliko theluthi. Kwanza, uhesabu marejesho ya madeni yote ya mkopaji dhidi ya kinachobaki baada ya kodi na michango ya lazima, hata yale madeni yasiyokatwa kwenye mshahara, na mkopaji ayatamke kwa maandishi. Pili, umpime kwa riba iliyo juu ya ile ya mkataba. Norway inapima kwa pointi 3 za asilimia juu, na Uingereza ilikuwa na kipimo cha pointi 3 kuanzia 2014 hadi ilipokiondoa Agosti 2022. Kwa mfano wetu, kupima kwa asilimia 19 badala ya 16 kunashusha mkopo kutoka milioni 42.5 hadi kama milioni 37. Utakaa bila uzio na bila paving kwa muda, sawa. Lakini rejesho lako halisi linakuwa kama 545,000, na kila mwezi una pumzi ya karibu 80,000 ambayo riba ikipanda italiwa yenyewe badala ya ada ya mtoto.

Dhana: "Ulaya wanakopeshwa mara nne na nusu ya mshahara wa mwaka, sisi tunabaniwa."

Hii inatokana na kuchukua namba na kuiacha riba yake ilikotoka. Mara 4.5 ya mshahara wetu wa mfano, milioni 18 kwa mwaka, ni milioni 81. Kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 25, rejesho ni kama 473,500, chini kidogo ya theluthi ya mshahara ghafi. Mtu anaishi. Mkopo huo huo, muda huo huo, kwa asilimia 16, unadai 1,100,000 kwa mwezi. Ukitoa hiyo kwenye 1,124,500 iliyobaki baada ya kodi na michango, unakula, unasafiri na unasomesha kwa shilingi 24,000 hivi. Kwa riba zetu, rejesho linakufunga mapema sana, hata mkopo wa milioni 42.5 ni mara 2.4 tu ya kipato cha mwaka. Tukinakili ukomo wa mara 4.5 hapa leo, hautamzuia mtu yeyote.

Tena hata huko 4.5 si ukuta. Uingereza iliweka mwaka 2014 kwamba mikopo ya kuanzia mara 4.5 isizidi asilimia 15 ya mikopo mipya ya nyumba. Ireland, tangu Januari 2023, ni mara 4 kwa anayenunua nyumba ya kwanza na 3.5 kwa aliyewahi kununua, na benki ina fungu la mikopo inayoruhusiwa kuvuka hapo. New Zealand ilianza Julai 2024: mara 6 kwa anayenunua nyumba ya kuishi, mara 7 kwa mwekezaji, na asilimia 20 ya mikopo ya kila kundi inaweza kuzidi hapo.

Mfano wa New Zealand ndio ningependa watunga kanuni wetu wausome vizuri. Waliweka ukomo huo wakati riba iko juu, wakijua kwamba kwa muda hautamgusa mtu, ili uwepo pale riba itakaposhuka. Na hapo ndipo ukomo wa mara kadhaa ya kipato unapokuwa na kazi. Riba yetu ikishuka hadi asilimia 10 na muda ukafika miaka 20, yale makato ya 624,500 yatabeba karibu milioni 65, mara 3.6 ya kipato cha mwaka. Theluthi itaona kila kitu kiko sawa. Ikirudi kupanda hadi 13 mapema, riba tupu ya mwezi kwenye milioni 65 inapita 700,000. Ukomo huu uandikwe sasa, riba ikiwa bado juu, kwa sababu riba ikishashuka na watu wameshazoea mikopo mikubwa, hakuna atakayekubali kuupokea.

Dhana: "Nyumba ndiyo dhamana. Mshahara wangu unawahusu nini?"

Dhamana ni njia ya kutokea, na ni njia ndefu. Benki inatoa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza, kama ni nyumba ya familia itaulizwa ridhaa ya mwenza ilipatikana vipi, na kesi ikifunguliwa miaka inakwenda huku riba inahesabiwa. Mnada haukupi bei ya soko. Bei ikipungukia deni, unapoteza nyumba na bado unadaiwa. Na katika mji ambao wakopaji wengi wana mwajiri mmoja, yaani serikali, likitokea jambo la kuwabana wote kwa pamoja, nyumba nyingi zitaingia sokoni kwa wakati mmoja na wanunuzi wachache.

Dhana: "Niongezee muda, rejesho lishuke."

Mkopo wa milioni 50 kwa asilimia 16. Miaka 15: rejesho 734,000, jumla milioni 132. Miaka 25: rejesho 679,000, jumla milioni 204. Umeokoa 55,000 kwa mwezi kwa kulipa milioni 72 zaidi. Kwenye riba ndogo, muda unasaidia kweli. Kwenye riba yetu, ukishapita miaka 15, muda haukupi kitu cha maana. Punguza kiasi unachokopa. Ushauri wangu kwa anayejenga mwenyewe haujabadilika: kiwanja chenye hati, msingi na boma kwa akiba, hata kama vitachukua miaka, mkopo uingie kwenye kupaua na kumalizia.

Dhana: "Ukomo utawafungia nje wakulima na wafanyabiashara."

Utawafungia kama utaandikwa kwa kumfikiria mwenye hati ya mshahara peke yake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ana kipato, ila hakiji tarehe 25. Kipato chake kihesabiwe kwa wastani wa misimu kadhaa, ule msimu mbaya ukiwamo, na rejesho lifuate mavuno. Mwenye duka Majengo atapimwa kwa faida, maana mauzo yanayopita kwenye simu yake mengi ni mtaji wa kesho. Hapa ndipo lile fungu la kuvuka ukomo lina maana: benki iwe na asilimia fulani ya mikopo ambayo inaweza kuitoa nje ya kipimo, kwa sababu zilizoandikwa na kukaguliwa. Watumishi nao waache kudai posho za safari zihesabiwe kama mshahara. Posho inategemea safari, na bajeti ya safari hukatwa kwa waraka mmoja.

Dhana: "Ukomo utashusha bei za nyumba Dodoma."

Hautashusha. Mikopo ya nyumba nchini bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na wengi wanajenga kwa fedha taslimu, hatua kwa hatua. Bei ya Iyumbu, Kisasa au Nala inasukumwa na upimaji wa viwanja, barabara, maji, umeme na watu waliohamia mjini tangu serikali ilipohamia. Ukomo unamlinda mkopaji na benki. Anayetaka nyumba za bei nafuu adai viwanja vilivyopimwa.

Kanuni haijafika, lakini kipimo chake unaweza kujifanyia kabla ya kusaini. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, mwezi kwa mwezi, na uulize kama riba ni ya salio linalopungua au ya kiasi chote cha mwanzo. Hiyo ya pili ikiwa na asilimia ile ile kwenye tangazo ni ghali zaidi kwa mbali. Tafuta kipengele cha kubadilika kwa riba na uulize kinafuata nini, na utapewa taarifa siku ngapi kabla. Kisha mwombe ofisa achapishe jedwali la pili lenye riba ya pointi 3 juu. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta yake. Weka madeni yako yote pembeni ya rejesho hilo la pili, na vikoba uviandike. Kama kinachobaki hakikufikishi tarehe ya mshahara mwingine, rudi mezani uombe mkopo mdogo zaidi, na kama jedwali la pili hukupewa, usisaini siku hiyo.