Mwigizaji wa Ireland si lazima awe Mwingereza
Wengi wetu tumezoea kumwita Mwingereza kila mwigizaji wa filamu anayetoka Ireland. Si ajabu: anaongea Kiingereza, na mara nyingi tunamwona akiigiza kama Mwingereza. Lakini Ireland ilijitenga na Uingereza mwaka 1922, na mwaka 1949 ikawa jamhuri kamili. Kinachochanganya ni Ireland Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza. Hata huko, mkataba wa amani wa 1998 unamruhusu mzaliwa kujitambulisha kuwa Mwairishi, Mwingereza, au vyote viwili.

Ukisoma wasifu wa mwigizaji, tafuta mji aliozaliwa, kisha fungua ramani: Cork na Galway ziko jamhuri, Belfast iko kaskazini. Halafu msikilize akihojiwa. Lafudhi ya kwenye filamu huwa amefundishwa kwa ajili ya kazi.