Povu la kifafa haliambukizi: mtoe mgonjwa motoni

Alhamisi iliyopita aliletwa kliniki binti wa miaka 14, mkono wa kushoto umezungushiwa kanga kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anakoroga uji, kifafa kikamkamata, akaangukia mafiga. Nikamuuliza shangazi yake nyumbani kulikuwa na nani. Akainamisha kichwa. "Tulikuwepo, daktari. Watu wanne. Ila povu lilikuwa linamtoka."

Nimehudumia wagonjwa wa kifafa kwa miaka 13 katika mkoa wa Morogoro, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Shangazi yule hakuwa mtu mbaya. Alilia mbele yangu, na nauli ya kumleta mtoto alikopa yeye. Aliogopa kitu alichofundishwa tangu utotoni, kwamba povu la kifafa ukilikanyaga au likikudondokea, zamu inayofuata ni yako. Wengine huongeza mkojo, wengine ushuzi. Kwa hiyo watu wanne wazima walisimama mlangoni wakimtazama mtoto wao akiungua. Vidole viwili havitarudi.

Dhana: kifafa kinaambukiza kwa povu

Hakiambukizi. Hakijawahi kumwambukiza mtu kwa povu, mate, mkojo, ushuzi, sahani wala shuka. Nieleze kwa nini, maana nimeona kwamba kumwambia mtu "si kweli" peke yake hakumwondolei woga.

Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Chembe hizi huzungumza kwa umeme. Sodiamu inaingia ndani ya chembe, potasiamu inatoka, na wimbi la umeme linakimbia kwenye uzi wake hadi mwisho. Hapo inamwagwa kemikali inayoiambia chembe jirani ama "waka" ama "tulia". Glutamati ndiyo inayowasha zaidi, na GABA ndiyo breki. Siku ya kawaida chembe hizi hupokezana kama wapigaji wa ngoma wanaojua zamu zao. Kifafa kinapokuja, kundi kubwa hupiga pigo moja kwa wakati mmoja, breki hazishiki, na wimbi hilo linasambaa. Umeme huo si hadithi, unapimika. Mwaka 1924, mjini Jena nchini Ujerumani, daktari Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, na kipimo cha EEG tunachotumia leo kimetokana na kazi yake.

Sasa fuata wimbi hilo likishuka mwilini. Misuli yote inakaza kwa pamoja, ya kifua inakamua hewa ipite kwenye koo lililobana, na ndio ule mlio wa kutisha ambao watu husema ni wa jini. Taya linabana, ulimi ukiwa katikati ya meno unakatika, damu inatoka. Kisha mwili unaanza kurukaruka. Wakati wote huo mtu hawezi kumeza mate yake. Mate ambayo mimi na wewe tunayameza mchana kutwa bila kujijua yanabaki mdomoni, pumzi nzito inapita ndani yake, yanaumuka. Hilo ndilo povu: mate na hewa, na wakati mwingine damu kidogo ya ulimi. Mkojo unatoka kwa sababu misuli inayoubana imelegea, na ushuzi ni vivyo hivyo. Hakuna kinachomtoka mgonjwa ambacho hakikuwa mwilini mwake jana alipokula nawe sahani moja. Umeme wa ndani ya fuvu haurukii mtu mwingine kupitia mate.

Povu limenidondokea mikononi mara zisizohesabika. Manesi wenzangu vilevile. Tunachopoteza ni sabuni ya kunawia tu.

Wanaobisha huniuliza, "Mbona nyumba moja ina wagonjwa watatu?" Swali hilo ni la haki. Watu wa nyumba moja wanashiriki damu, maji, choo, mto na mkunga. Aina fulani za kifafa zina urithi ndani yake. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, akakosa hewa, anaweza kubaki na kovu kwenye ubongo, na mama aliyejifungulia njiani mara ya kwanza mara nyingi hujifungulia njiani mara ya pili. Malaria kali iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huacha makovu ya namna hiyo. Siku hizi bodaboda nazo zinatuletea vijana waliopasuka vichwa.

Milimani Mahenge, ambako kifafa ni kingi kuliko kawaida, utafiti wa miaka ya karibuni umekikuta zaidi kwenye vijiji vyenye usubi, yaani ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito ya maji ya kasi. Huko ndiko daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alikoanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wakilishwa peke yao, wakiwa na makovu ya moto, kwa woga huuhuu wa mate. Aliwakuta pia watoto ambao wenyeji walisema "amesinzia kichwa", ugonjwa wa kutikisa kichwa ambao dunia ilikuja kuujua miaka mingi baadaye. Zaidi ya miaka 60 imepita, na mimi Alhamisi bado nafunga kidonda kilekile.

Kuna kisababishi kingine ambacho kweli kinapita kati ya mtu na mtu, nacho ni tegu wa nguruwe. Ukila nyama ya nguruwe mbichimbichi yenye vijifuko vyake, unapata tegu tumboni. Tegu huyo anataga mayai yanayotoka na kinyesi chako. Yeyote atakayeyameza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa au mboga iliyomwagiliwa maji machafu, vijifuko vinaweza kumea ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe hayuko salama. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti Wayahudi wa New York wanaoshika dini sana, ambao nguruwe hawamli kabisa, wakiwa na vijifuko hivyo kichwani. Mayai yalikuwa yameingia kupitia wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Unataka kujikinga na kifafa? Chimba choo, nawa mikono, ivisha nyama, wapeleke kina mama kujifungulia kituoni. Kumkimbia mgonjwa hakukukingi na chochote.

Mtu akianguka mbele yako, mwondoe kwenye moto, maji au barabara. Hilo kwanza, kabla ya kuita mtu. Mwekee kanga au shati lililokunjwa chini ya kichwa. Legeza kola, ushungi, mkanda. Usimkandamize mikono na miguu, utamvunja. Tazama saa. Akiacha kurukaruka mlaze ubavu ili mate yatoke, kaa naye mpaka ajue yuko wapi. Mara nyingi inakuwa imekwisha ndani ya dakika 3. Ikipita dakika 5, au ikianza ya pili kabla hajazinduka, au kama ni mjamzito, au ameangukia maji, au ni mara yake ya kwanza, tafuta usafiri wa kwenda hospitali hapohapo.

Dhana: mtie kijiko asimeze ulimi

Ulimi umeshikwa chini kwa ngozi na misuli, haumezeki. Vinavyomezeka ni meno mliyomvunja kwa kijiko. Nimeyatoa kooni mwa watu. Acha mdomo wake.

Dhana: mnusishe kiberiti, kitunguu au mafuta ya taa

Anazinduka kwa sababu wimbi limeisha lenyewe, na kiberiti kinapata sifa ya bure. Mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu yanaua. Usimpe kitu chochote kwa mdomo hadi aweze kukujibu jina lake.

Dhana: huyu haanguki, kwa hiyo ana majini

Si kila kifafa kinaangusha. Wimbi likianzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, mtu anaweza kunusa kitu kinachoungua ambacho hakipo, akashikwa na woga wa ghafla, akaduwaa, akatafunatafuna mdomo mtupu, akavutavuta nguo zake au akasema maneno yasiyoeleweka, kisha asikumbuke chochote. Wa namna hii ndio wanaotufikia wamechelewa kuliko wote, baada ya miaka ya kuzungushwa kwa waganga. Dua na sala sikuzuii. Nenda ukiwa umemeza dawa yako.

Dhana: mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa

Dhana hii ni ya pili kwa kunikosesha usingizi. Jina lenyewe limebeba ndege, na wazee husimulia ndege anayepita usiku juu ya nyumba. Kwa hiyo mtoto anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, anamwagiwa mkojo, anapelekwa kwa bibi anayejua dawa zake, na hospitali inakuja mwisho. Akifika ana malaria kali ya siku 2, anachomwa sindano, anafariki, na kijiji kizima kimepata ushahidi wake. Kilichomuua ni zile siku 2.

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa tu, kwa kuwa ubongo wake bado mchanga, na wengi wao hawaji kuwa na kifafa. Lakini mtoto mwenye homa aliyestuka hivyo anahitaji kupimwa malaria, sukari na uti wa mgongo leo, si kesho. Bibi zetu walikuwa na hekima nyingi na ninawaheshimu. Katika hili naomba mpitie hospitali kwanza.

Dhana: kifafa cha mimba ni kifafa

Lugha imetuponza hapa. Kifafa cha mimba kinatokana na shinikizo la damu la ujauzito, na dawa yake ni magnesiamu salfeti na kujifungua, si vidonge vya kifafa. Mjamzito mwenye kichwa kinachomuuma sana, macho yanayoona ukungu na uso uliovimba asisubiri hadi aanguke.

Dhana: miezi 3 hajaanguka, amepona

Haanguki kwa sababu anameza dawa. Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na ambayo bado ni rahisi kupatikana kuliko nyingine, kazi yake ni kuipa nguvu ile breki ya GABA. Ubongo unaizoea. Ukiikatisha ghafla, breki inaachiwa kwenye mteremko, na kifafa kinarudi kikali kuliko kilivyokuwa. Baadhi ya vifo nilivyoshuhudia vilianza kwa dawa iliyoisha Jumapili, na kliniki ilikuwa Alhamisi. Kuacha dawa huzungumzwa baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, na hupunguzwa taratibu kwa miezi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Hiyo ni zaidi ya wawili kati ya watatu.

Kwa wasichana na kina mama nina neno la pekee. Kama unatumia kabamazepini, vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, na fenobabitoni inafanya vivyo hivyo. Uliza njia nyingine. Kama umeandikiwa valproeti na unaweza kushika mimba, rudi ukazungumze na daktari kabla ya mimba, kwa sababu dawa hiyo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Rudi uzungumze, nimesema. Usiitupe chooni.

Dhana: kipimo kimetoka safi, kwa hiyo hana kitu

EEG ni dakika chache za kusikiliza ubongo siku ambayo huenda umetulia. Wagonjwa wengi wenye kifafa cha kweli hutoka na kipimo safi. Familia zinauza mbuzi kufuata EEG au picha ya CT mjini, kisha zinarudi zimekata tamaa kwa sababu karatasi haina kitu. Kifafa tunakitambua kwanza kwa maelezo ya aliyeona, na mgonjwa mwenyewe hakuona.

Kwa hiyo ukija, njoo na aliyekuwepo, hata kama ni mtoto wa darasa la tatu. Watoto hueleza vizuri kuliko wakubwa. Na kama kuna simu, mmoja akiwa ameshamlaza mgonjwa ubavu, mwingine apige video kuanzia usoni hadi miguuni: kichwa kiligeukia upande gani, mkono upi ulianza, macho yalikuwa wazi au yamefumba, saa ngapi kilianza na saa ngapi kiliisha. Video ya dakika moja imeshanisaidia kubadilisha dawa ya mtu aliyeteseka miaka 6. Daftari la shule la kurasa 40 nalo linatosha: tarehe, saa, alikuwa amelala au macho, dawa alimeza au hakumeza. Yule binti wa mafiga nimempa la kwake. Shangazi ndiye atakayeandika, na nimemwonyesha kwa mikono yake mwenyewe namna ya kumgeuza.