Uongo huruka, lakini nani alisema? Si Mark Twain

Uvumi unapochacha hapa Kampala, haipiti siku kabla ya picha ile kuingia kwenye makundi ya WhatsApp: mzee wa mvi, masharubu mazito, yaani mwandishi wa Marekani Mark Twain, na chini yake maneno kwamba uongo huzunguka nusu ya dunia wakati ukweli bado unavaa viatu. Juu ya picha, "imesambazwa mara nyingi". Wanaoituma wana nia njema, wanatuonya tusimeze kila lugambo, yaani umbea.

Dhana: Ni maneno ya Mark Twain.
Twain alizaliwa 1835 akafariki 1910, na msemo huu haujapatikana katika maandishi yake. Kufikia 1919 ulikuwa tayari umebandikwa jina lake, naye yuko kaburini. Lakini mwaka 1820, miaka 15 kabla hajazaliwa, Portland Gazette la Maine, Marekani, lilichapisha kwamba uongo utaruka kutoka Maine hadi Georgia ukweli ukivaa viatu vyake. Mhubiri Charles Spurgeon alipoutumia London mwaka 1855, aliwaambia waumini kuwa ni methali ya zamani. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Dhana: Msemo ulizaliwa na mitandao ya kijamii.
Hapana. Machi 2018 Rais Museveni alilalamikia lugambo la mitandaoni, na Julai mwaka huo tukaanza kutozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao hiyo. Lugambo lenyewe halikungoja simu.

Dhana: Aliyeuanzisha hakuwa na upande.
Wanaojua si Twain humtaja mwandishi Jonathan Swift, na hao wamekaribia. Tarehe 9 Novemba 1710, katika gazeti la The Examiner la London, Swift aliandika kwamba uongo huruka, na ukweli huja nyuma ukichechemea. Viatu havimo, viliongezwa na wengine. Kisichosemwa ni kwamba The Examiner lilikuwa likiitetea serikali ya chama cha Tory, na makala ile kuhusu uongo wa kisiasa iliwalenga wapinzani wao wa chama cha Whig, hasa mwanasiasa Wharton. Haimaanishi Swift alikosea. Ila mtu anaweza kusema kweli tupu kuhusu uongo wa wapinzani na kuunyamazia wa kwao. Kwa sisi tunaosikiliza redio za FM, nyingine mali ya wanasiasa, hili ndilo la maana kuliko swali la Twain.

Dhana: Ukweli ukifika, mambo hutengemaa.
Tumezoea kujifariji kuwa njia ya mwongo ni fupi. Swift hakufariji mtu. Aliendelea kusema kwamba watu wanapozinduka wamechelewa, mzaha umekwisha, na hadithi imeshafanya kazi yake. Sehemu hiyo haimo kwenye picha zinazotumwa, na ndiyo nzito kuliko zote.

Ebola ilipotangazwa wilayani Mubende, 20 Septemba 2022, wapo walioamini ni uchawi wakakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Oktoba, Rais akawaamuru waganga hao waache kutibu wagonjwa. Virusi hivyo huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Kwa hiyo familia iliyomtoa mgonjwa kwa mganga ikampeleka hospitali ilipata maelezo sahihi ikiwa imeshambeba, imeshamwosha, na imeshalala naye chumba kimoja.