Prosesa inayokesha: dhana potofu kuhusu kerneli na M3

Katika karakana yetu ya Ngamiani, Tanga, tuna BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayopima joto la maji ya bahari kwa umeme wa jua, na kwa kuwa betri yake ni ndogo, hulazimika kulala kati ya kipimo na kipimo. Katika kuilaza na kuiamsha ndipo nilipokutana na dhana zifuatazo kuhusu kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, nyingine zikiwa zangu mwenyewe.

Dhana: Prosesa kuu hujiamsha yenyewe.

Ukweli: Katika chipu ya AM335x iliyomo kwenye bodi hiyo, prosesa kuu ya Cortex-A8 inayoendesha Linux ikishakatiwa umeme haina namna ya kujiwashia. Kazi hiyo ni ya Cortex-M3 (M3 kwa kifupi), prosesa ndogo yenye kilobaiti 16 za programu na 8 za data, ambayo hukesha wengine wakilala. Methali ya aliyelala usimwamshe haiihusu.

Dhana: M3 ni ndogo mno kustahili viunzi vya kerneli (misimbo ya pamoja inayotumiwa na draiva nyingi); draiva moja, yaani programu ya kuendeshea kifaa, iguse rejista zote (vijisehemu vya kumbukumbu vya kuongozea maunzi).

Ukweli: Niliiandika draiva ya namna hiyo, na sehemu kubwa yake ilikuwa ikirudia kazi iliyokwisha kufanywa na wengine kwa uangalifu kuliko wangu. Kiunzi cha remoteproc, kilichoingia katika Linux 3.4 mwaka 2012, tayari kinajua kusoma faili la ELF (muundo wa kuhifadhia programu), kunakili vipande vyake kwenye kumbukumbu ya prosesa saidizi na kuianzisha. Kiunzi cha sanduku la barua (mailbox), kifaa cha prosesa moja kuibishia hodi nyingine, kiliingia katika toleo la 3.18 mwaka 2014. Kinachobaki ni draiva fupi inayojua lugha ya M3 tu.

Dhana: Sanduku la barua ndilo linalobeba ujumbe.

Ukweli: Jina linapotosha, kwani katika AM335x M3 haiwezi hata kulifungua sanduku hilo. Linux huandika kwanza ujumbe wenyewe katika rejista 8 za moduli ya udhibiti, anwani ya kurejea ikiwa katika ya kwanza na amri katika ya pili, kisha hutumbukiza barua isiyo na maana sandukuni ili kubisha hodi tu. Baada ya hapo Linux yenyewe ndiyo inayopaswa kuitoa barua ile, la sivyo hodi itaendelea kupigwa. Nami nilisahau hatua hiyo, nikapoteza siku mbili nikiilaumu betri. M3 hujibu kwa njia yake ya kukatiza kazi (interrupt), na draiva ya kerneli huisubiri kwa milisekunde 500 tu.

Dhana: Anayetumia remoteproc lazima atumie na rpmsg.

Ukweli: Hapana. Rpmsg, njia ya prosesa kupelekeana ujumbe, kwa kawaida hutegemea virtio (mfumo wa foleni za ujumbe) na kumbukumbu ya pamoja. Amri inayotosha katika rejista haina haja nayo.

Dhana: Kiunzi kimoja maana yake lugha moja.

Ukweli: Kiunzi cha sanduku la barua hakichunguzi kilichomo ndani ya ujumbe, ndiyo maana Raspberry Pi hukitumia kuzungumza na VideoCore, prosesa yake ya michoro, kwa lugha tofauti kabisa. Wanaotaka lugha ya pamoja wana SCMI ya kampuni ya Arm, iliyoingia katika Linux 4.17 mwaka 2018. M3 ya bodi yetu haiijui, kwa hiyo tumebaki na rejista zile 8. Draiva yangu nimeifuta, na sasa natumia iliyomo ndani ya kerneli.