"Ngoja Picha Moja Zaidi": Dhana Zinazochelewesha Tahadhari za Dhoruba

Kila darasa jipya la watabiri huja na swali hili, na sasa limenichosha: "Mwalimu, tahadhari isipotimia, si tutakuwa tumewadanganya watu?" Nyuma yake kuna imani kwamba mtabiri makini hungoja mpaka awe na uhakika. Anayengoja uhakika hatoi tahadhari, anatoa taarifa ya msiba.

Pigeni hesabu. Rada huchukua dakika 5 hivi kumaliza kulipitia anga. Ukingoja picha mbili "kujiridhisha", dakika 10 zimekwenda, na dhoruba inayokwenda kilomita 40 kwa saa imesogea karibu kilomita 7. Huko Ziwa Victoria, mvuvi wa dagaa yuko kilomita 5 kutoka ufukweni, usiku wa giza, taa zinawaka. Kwa kasia anahitaji kama saa nzima kurudi. Hizo dakika 10 zilikuwa zake, si zako.

Tena huwezi kuyakwepa makosa yote mawili kwa pamoja. Ukizipunguza tahadhari zisizotimia kwa kudai ushahidi zaidi, unaziongeza dhoruba zinazopiga bila taarifa. Marekani, pamoja na rada zao zote, takriban tahadhari 7 kati ya 10 za tonado (upepo mkali unaozunguka kama mnara kutoka winguni hadi ardhini) hazifuatwi na tonado iliyothibitishwa. Wanalijua hilo na bado wanatoa. Gharama ya tahadhari zisizotimia ipo, sikatai: Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011, tonado iliua watu 158, na tathmini iliyofuata ilionyesha kuwa wakazi wengi waliposikia king'ora cha kwanza hawakukimbilia mahali salama, walitafuta kwanza uthibitisho mwingine. Lakini dawa yake si kuchelewa, ni kubana eneo. Tangu 2007 wenzetu hao huchora umbo linalofuata njia ya dhoruba, hawatangazi tena kaunti nzima. Mwanafunzi anayeniandikia "Kanda ya Ziwa" kwa wingu moja lililo karibu na Ukerewe namrudishia karatasi yake.

Na karatasi ndiyo ninayoisisitiza kuliko kompyuta. Mwanzo wa zamu, kabla wingu halijakua, andika: nikiona hiki na hiki, natoa. Dhoruba ikishafika, woga huanza kubadilisha vigezo. Kesho yake tutakagua sababu ulizoandika. Kama zilikuwa sahihi na upepo haukuja, sina neno nawe.

Kuna na dhana nyingine ninazozisikia darasani. "Dhoruba za usiku ziwani hazina dalili." Zinazo. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto na kuisukuma hewa juu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa dhoruba kubwa za mchana kwenye nchi kavu kuzunguka ziwa ni dalili nzuri ya usiku wenye dhoruba ziwani. Unaingiaje zamu ya usiku bila kuuliza mchana kulikuwaje?

"Rada inaona kila kitu." Ikielekezwa nyuzi 0.5 tu juu ya upeo wa macho, kilomita 100 kutoka ilipo, mwale wake uko kama kilomita 1.5 juu, kilomita 200, kama kilomita 4. Upepo unaopindua mitumbwi uko juu ya maji. Mpigie simu mtu wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia.

"Radi nyingi, dhoruba kali." Vigezo vya Marekani vya dhoruba kali ya radi ni upepo wa kilomita 93 kwa saa au mvua ya mawe yenye kipenyo cha sentimita 2.5, au zaidi. Idadi ya radi haimo, ingawa radi inaua, na zikiongezeka ghafla usizipuuze.

"Uzoefu wa zamu unatosha." Dhoruba kali kweli ni chache, na huwezi kungoja zikufundishe. Norman, Oklahoma, yaliko mafunzo ya maamuzi haya kwa watabiri wa Marekani, hutumia dhoruba za zamani zinazorudishwa kwenye skrini kwa kasi ileile zilivyotokea, na mwanafunzi anaamua bila kujua mwisho. Mimi huongeza simu zinazolia katikati ya zoezi. Wananinung'unikia, lakini kwenye zamu zitalia.