Je, wajua kwa nini mlima wenye miti nao huporomoka?

Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilipiga milima ya Kalehe, kaskazini mwa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kando ya ziwa Kivu. Mito midogo ikashuka na mawe, magogo na matope, ikafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walifariki. Kila baada ya msiba wa namna hii, shauri linalosikika Kivu Kusini ni lile lile: tupande miti. Ni shauri zuri, ila ni nusu ya jibu. Kuna miteremko ya Kabare na Walungu, na mingine ndani ya Bukavu kwenyewe, iliyojaa mikaratusi mirefu, na bado udongo wake unashuka msimu wa mvua. Wingi wa miti peke yake hauamui kitu. Kinachoamua ni mti gani umepandwa, umesimama wapi mlimani, chini yake kumebaki nini, na siku ya kuvunwa utakatwa vipi.

Tuanze na mvua. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ndiyo maana dunia ikipata joto, mvua inayonyesha huja kwa nguvu zaidi: maji yaliyokuwa yanagawanyika siku kadhaa yanaanguka kwa saa mbili. Udongo wa mlimani unaweza kunywa maji mengi, lakini unakunywa polepole. Yanayozidi hukimbia juu yake na kuondoka na tabaka la rutuba. Yanayoingia hujaza vitundu vyote vya udongo mpaka yanapokuta tabaka gumu, mwamba au udongo mzito wa mfinyanzi. Hapo yanakusanyika, yanasukuma udongo kutoka chini, yanauongezea uzito, na msuguano uliokuwa unaushikilia unapungua. Udongo unaachia.

Mti unazuia hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni mizizi. Ile midogo inafunga udongo pamoja, na mikubwa inayopenya hadi tabaka gumu inaushona pale unapotaka kuteleza. Ya pili haionekani: mti unanyonya maji ardhini kila siku na kuyatoa kwa majani, kwa hiyo mvua inayofuata inakuta udongo una nafasi ya kunywa tena. Lakini mizizi mingi ya miti imejazana katika mita 1 au 2 za juu. Udongo ukitelezea kina cha mita 1, mizizi inasaidia sana. Ukitelezea kina cha mita nyingi, mti unasafiri pamoja na mlima. Mfano uko Funu, katika komini ya Kadutu: kipande kikubwa cha mlima kinasogea polepole mwaka baada ya mwaka, na maelfu ya watu wanaishi juu yake huku kuta na mabomba yakipasuka. Hapo upandaji wa miti hauwezi kusimamisha mwendo. Kinachosaidia ni kuyatoa maji, na kuacha kujenga.

Sasa mikaratusi. Haistahili kulaumiwa kwa kila kitu, maana inakua haraka, inatoa boriti na makala ya kupikia, na bila yake msitu wa asili ungeliwa mapema zaidi. Kasoro iko katika namna tunavyoipanda. Wengi wanaipanda imebanana, mita 1 kwa 1, ili wapate fito nyembamba za kuuza mapema. Majani yanayoanguka yanafagiliwa kwa kuwashia moto. Mbuzi wanamaliza nyasi. Ukiingia chini ya shamba la hivyo unakuta udongo mtupu, mgumu, na matone mazito kutoka kwenye matawi ya juu yanaupiga moja kwa moja. Maji hayana cha kuyapunguza kasi. Shamba linaonekana la kijani ukilitazama kutoka ng'ambo ya bonde, kumbe chini linavuja udongo kila mvua.

Nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti kama 1,100 kwa hekta, inaruhusu mwanga ufike chini na nyasi ziote. Majani yaliyoanguka yaachwe. Wakati wa kuvuna, usikate shamba lote mara moja. Kata kwa mikanda inayofuata usawa wa mlima, mkanda mmoja mwaka huu, unaoufuata usubiri hadi machipukizi ya kwanza yawe yamesimama. Kata kisiki sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasitulie juu yake. Kisiki kitatoa machipukizi mengi. Mwaka wa kwanza acha 2 au 3 yenye nguvu, upande unaotazama mlima juu kama unaweza.

Na kisiki kisichimbwe. Hili linahitaji kusisitizwa kwa sababu visiki vinatafutwa sana na wachoma makala. Mti uliokatwa na kuchipua mizizi yake inabaki hai. Mti uliokufa mizizi yake inaoza, ile midogo kwanza, na ndani ya miaka michache mteremko umepoteza kamba zake. Ndiyo maana mlima unaweza kuporomoka muda mrefu baada ya msitu kukatwa, wakati watu wameshasahau kwamba pale palikuwa na msitu.

Kwa mkulima mwenye shamba mlimani, msitu mzima hauwezekani. Anahitaji maharagwe, mihogo na ndizi. Jibu lake ni mistari ya miti inayokata mteremko kwa usawa. Kupata mstari ulio sawa hakuhitaji mashine. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, uifunge juu pamoja, utanue miguu yake mita 2. Funga mti wa tatu, wa mita 1 na kidogo, katikati ya miguu ili upate umbo la herufi A. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka juu, upite mbele ya mti wa kati. Simamisha chombo, weka alama pale uzi ulipogusa. Geuza miguu ibadilishane nafasi pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea mlimani na chombo, mguu mmoja baada ya mwingine, kila uzi ukikaa katikati unapiga kijiti ardhini. Vijiti vikionyesha kona kali, irekebishe kidogo kwa macho. Mstari usiwe na bonde ambamo maji yatakusanyika, maana yatatobolea hapo.

Kati ya mstari na mstari, shuka mita 2 kwa kimo. Kwenye mteremko wa asilimia 20, yaani unaoshuka mita 2 kwa kila mita 10, mistari itaachana mita 10. Kwenye asilimia 40 itaachana mita 5. Ukivuka asilimia 60 mistari inabanana mno, na kwa maoni yetu pale si mahali pa jembe tena: paachiwe miti ya kudumu.

Kwenye kila mstari panda safu mbili za kaliandra, mti mdogo wa majani ya mifugo, sentimita 50 kati ya safu, sentimita 25 kati ya mche na mche, zikipishana. Mita 100 za mstari zinataka miche kama 800. Wengi wanapunguza idadi ili kuokoa gharama, na pengo moja linatosha kuvuta maji yote. Chini ya safu hizo weka mkanda wa nyasi za setaria au vetiva. Ndani ya mstari, kila mita 5, simamisha grevilea, ambayo mizizi yake inaenda chini na haigombani sana na mazao. Juu ya mita 1,800 hivi mti wa alnusi unafanya vizuri na unarutubisha udongo kwa naitrojeni. Kaliandra ikifika mita 1 na nusu, kata ibaki sentimita 50 au 60, na urudie mara tatu au nne kwa mwaka. Majani ni chakula cha mbuzi na sungura. Asiyekata anapata kivuli juu ya maharagwe, mavuno yanapungua, na mwaka wa pili anang'oa mistari yote kwa hasira. Anayekata anaona udongo ukijikusanya nyuma ya uzio, na baada ya misimu kadhaa shamba limejitengenezea ngazi.

Mitaro ya kukamata maji inahitaji tahadhari. Kwenye udongo mzito unaoteleza, mtaro unaolaza maji unayaingiza ndani ya mlima, pale pale yasipotakiwa. Penye dalili za kuteleza, mtaro uwe na mwinamo mdogo wa kuyapeleka maji kando, kwenye mkondo wenye majani au mawe.

Miche mingi hufa au huanguka kwa kosa lililofanyika kitaluni. Mche uliokaa muda mrefu kwenye mfuko unazungusha mzizi wake mkuu chini. Ukiupanda hivyo, unakua vizuri miaka ya kwanza kisha upepo unaulaza, na ukiung'oa unakuta mzizi umejisokota kwenye shingo. Kwa hiyo inua mifuko kila wiki mbili na ukate mizizi inayotoka chini. Siku ya kupanda, kata sentimita 1 ya kitako cha mfuko pamoja na udongo, kisha vua mfuko wote. Mfuko ulioachwa ni kaburi la mti. Mwezi mmoja kabla, ondoa kivuli na upunguze maji ili mche uzoee. Kwa Bukavu, panda mvua zikishatulia, Oktoba hadi Novemba mwanzoni, ili mche upate msimu mrefu kabla ya kiangazi cha Juni. Mche wa Aprili unakutana na jua ukiwa haujashika.

Mjini, korongo nyingi huanza kwenye mabati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba ikipigwa na milimita 40, inamwaga lita 2,400, sawa na mapipa 12, mahali pamoja na kwa muda mfupi. Jirani wa chini anapokea, anaongeza ya kwake, anapeleka kwa mwingine. Hakuna mti utakaoshinda hilo. Kwanza mifereji na matangi, kisha miti. Korongo lenyewe linatibiwa kuanzia juu: geuza maji yasiingie kichwani, kisha shuka ukijenga vizuizi vya mawe au mifuko ya udongo visivyozidi mita 1, vimezama nusu mita ndani ya kingo, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo. Pembeni ingiza vipande vya mierithrina au mikuyu vya urefu wa mita 1, theluthi mbili ardhini, vitachipua. Mianzi inafaa chini, kando ya maji. Mkaratusi wa mita 20 ukingoni mwa korongo ni hatari, kwa sababu upepo ukiutikisa unalegeza ukingo wote. Ukate, ubaki kisiki chenye machipukizi mafupi.

Kuna jambo jingine ambalo milima inalo na tambarare hazina. Kila unapopanda mita 100, joto linashuka kwa takriban nyuzi 0.6. Dunia ikipata joto kwa nyuzi 1, mti unaohitaji hali ile ile unapaswa kuhamia juu kama mita 170. Mbegu zinaweza kupanda polepole kupitia ndege na nyani, mradi msitu haujakatika. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975, ina thamani kubwa hapo: inaanzia misitu ya chini, karibu mita 600, hadi kilele cha Kahuzi, mita 3,308, na sehemu hizo mbili zinashikana kwa njia nyembamba ya Nindja. Ikikatika hiyo kwa mashamba na uchimbaji, miti na wanyama wa chini hawatakuwa na ngazi ya kupandia. Kulinda msitu uliosimama hapo kunaleta faida ambayo kitalu hakiwezi kuinunua. Na kwa anayepanda miti ya asili kama prunusi au podo, ni busara kuchanganya mbegu za miti mama mingi, pamoja na iliyotoka chini kidogo ya shamba lake, kwa kuwa mti wa leo utakomaa katika joto la miaka 50 ijayo.

Haya yote yanashindwa kama jikoni hakuna makala. Tanuri la udongo la kawaida linatoa kilo 10 hadi 15 za makala kwa kilo 100 za kuni kavu; lililopangwa vizuri, kuni zikiwa zimekaushwa miezi kadhaa na tanuri lina bomba la moshi, linaweza kufika 20 au 25. Kwa makala yale yale, tofauti hiyo inaokoa karibu nusu ya miti. Mbabula, yaani jiko la makala, yenye ukuta wa udongo wa kuchomwa inaongeza akiba nyingine.

Kabla hujapanda popote, usome mteremko. Tazama miti iliyopo: shina lililopinda kwenye kitako kisha likanyooka juu linaonyesha udongo umekuwa ukisogea taratibu huku mti ukijitahidi kusimama. Chemchemi mpya baada ya mvua, mlango ambao ghafla haufungi, ufa mrefu unaokatisha shamba kama mwezi mchanga juu ya nyumba: hizo ni dalili za mteremko ambao tayari unaenda. Ufa usipandwe miti. Uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yasiingie, maji ya juu yageuzwe, na wanaolala chini yake wahame kabla ya mvua za Machi na Aprili.